Taji Lililotoka Dunnottar

Kusini kidogo ya mji wa Stonehaven, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, jabali moja limejitenga na bara likaingia baharini, na juu yake yamesimama magofu ya ngome ya Dunnottar. Huenda umewahi kuyaona hata kama jina hulijui, maana picha zake zimezagaa kwenye kalenda na matangazo ya utalii. Wageni wengi husimama upande wa bara, wakapiga picha, wakarudi garini. Mimi naishi Aberdeen, si mbali kwa treni, na mgeni yeyote anayenijia kutoka nyumbani lazima nimpeleke kule na nimwingize ndani. Ninalotaka alione si mandhari peke yake. Mabwana wakubwa walijenga pale kwa zaidi ya miaka mia mbili, wakamimina fedha zao kwenye kuta na mizinga, lakini siku ngome ilipopewa kazi yake kubwa kuliko zote, kuta hazikutosha. Aliyeikamilisha kazi ile ni mke wa mchungaji wa kijijini.

Kwanza mwamba wenyewe. Ukiusogelea unakuta si jiwe moja bali ni maelfu ya kokoto za mviringo, nyingine ndogo kama yai na nyingine kubwa kuliko kichwa cha mtu, zimegandamana katika udongo mwekundu uliogeuka jiwe. Ni kashata ya karanga iliyopikwa na mito ya kale zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Magenge yake yanasimama wima kiasi cha mita 50 juu ya bahari. Juu kuna uwanda wa nyasi wa hekta kama moja na nusu, unaotosha kijiji kidogo, na kinachouunganisha na bara ni ukanda mwembamba wa ardhi uliodidimia. Hakuna njia ya mkato. Kila anayekwenda hushuka ngazi nyingi mpaka karibu usawa wa ufuko, kisha huanza kupanda upya kuelekea lango.

Na lango limewekwa mahali pa ukatili. Limeziba ufa wa mwamba, ukuta mrefu juu yake, na pembeni kuna jengo lenye matundu ya bunduki na mizinga yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, yote yakikutazama wewe unayepanda. Ukishapita hapo bado hujafika, kwani njia inaingia katika mapito ya giza yanayopanda ndani ya mwamba kabla hujatokea kwenye nyasi na mwanga. Mimi hupanda nikihema, nikiwa na chupa ya maji tu mkononi. Najaribu kumfikiria askari mwenye deraya, ngazi ya kuparamia begani, na risasi zinatoka mbele yake.

Mahali pa namna hii hapawezi kukaa bila kugombewa. Kumbukumbu za watawa wa Ireland zinataja mazingiwa ya mwaka 681 na mengine ya mwaka 694, enzi za Wapikti, wenyeji wa kale wa kaskazini mwa Uskoti. Mwaka 900 mfalme Donald wa Pili aliuawa hapa na Waviking. Mwaka 934 mfalme Æthelstan wa Uingereza alileta jeshi lake mpaka hapa. Lakini nani hasa alikaa wapi zamani zile ni jambo linalobishaniwa, kwa sababu umbali mfupi kutoka ngomeni kuna nguzo ya mwamba iitwayo Dunnicaer, imesimama majini peke yake, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberdeen waliipanda mwaka 2015 wakakuta mabaki ya ngome ya Wapikti ya karne ya 3 na ya 4. Ilikuwa sehemu ya bara. Bahari ikaila, ikabaki nguzo. Nikiwa juu ya Dunnottar huwa naitazama Dunnicaer, na sijawahi kuitazama bila kuwaza kwamba jabali hili nalo liko kwenye foleni.

Kuna na kisa cha William Wallace, shujaa wa Uskoti, kwamba mwaka 1297 aliiteka Dunnottar na kuchoma kanisa lililokuwa juu yake pamoja na Waingereza 4,000 waliokimbilia ndani. Kisa hiki kimetoka kwa mshairi aliyetunga karibu miaka 180 baadaye, na ukisimama kwenye msingi wa kanisa lenyewe utaona kwamba watu 400 tu wangebanana. Moto huenda ulikuwepo. Idadi hiyo siiamini.

Ngome tunayoiona ilianzishwa na Sir William Keith mwishoni mwa karne ya 14. Ukoo wa Keith ulirithishana cheo cha Marischal wa Uskoti, na moja ya kazi za cheo hicho ilikuwa kutunza taji la nchi na alama nyingine za ufalme. Bwana Keith alijenga mnara wake kwenye ardhi ya kanisa, askofu akamtenga na kanisa, naye akakata rufaa kwa Papa Benedict wa 13 wa Avignon. Barua ya kumsamehe ikaja mwaka 1395, kwa sharti alilipe kanisa fidia. Mnara ule bado umesimama, hauna paa, na ndio kitu cha kwanza kukukaribisha ukitoka kwenye mapito.

Vizazi vilivyofuata vikaongeza. Mwishoni mwa karne ya 16, George Keith, wa tano katika ukoo huo kushika cheo cha kibwana cha Earl, ambaye pia alianzisha Chuo cha Marischal mjini Aberdeen mwaka 1593, aliishi katika jumba la kifahari lililozunguka ua wa mraba, madirisha yakitazama bahari. Ni hapa ndipo napenda kukaa kwa muda. Katikati ya ua kuna birika la mviringo lililochimbwa kuhifadhi maji, pana kiasi kwamba watoto hulikimbia kulizunguka mpaka wachoke. Kando kuna jiko, chumba cha kuokea mikate chenye tanuri za mawe, chumba cha kutengenezea pombe, zizi la farasi, karakana ya mhunzi, hata uwanja wa kuchezea matufe. Hapo ndipo unapotambua kwamba haikuwa kambi ya vita tu, watu waliishi. Kuna mtu aliamka alfajiri kila siku kuwasha ile tanuri huku upepo wa bahari ukimpuliza moshi machoni. Karibu na lango wanakuonyesha pia mahali panapoitwa tundu la simba, na inasemekana Earl mmoja alimfuga simba pale. Nikimtazama mnyama huyo kwa macho ya mtu aliyetoka nchi ya simba, namhurumia: baridi ile, mawe yale.

Sasa taji.

Mwaka 1649 Bunge la Uingereza lilimkata kichwa mfalme Charles wa Kwanza na kuamuru mataji ya Uingereza yayeyushwe. Waskoti hawakukubali. Tarehe 1 Januari 1651 walimtawaza mwanawe, Charles wa Pili, huko Scone, kwa taji lao wenyewe. Alama za ufalme wa Uskoti ni tatu: taji la dhahabu lililosukwa upya na sonara John Mosman mwaka 1540, lenye uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, fimbo ya enzi iliyokuwa zawadi ya Papa Alexander wa Sita, na upanga uliotoka kwa Papa Julius wa Pili mwaka 1507, mrefu kupita mita moja. Lakini wakati huo jeshi la Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, lilikuwa limeshajaa nchini, na kasri la Edinburgh limeshaanguka. Vitu vyote vitatu vikapelekwa Dunnottar, pamoja na karatasi binafsi za mfalme.

Mzingiro ulianza Septemba 1651. Earl mwenyewe alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa London. Ndani walibaki wanaume wapatao 70 na mizinga 42 chini ya George Ogilvy wa Barras, nje likakaa jeshi lililoshinda kila mahali. Ngome nyingine zikasalimu amri moja baada ya nyingine mpaka Dunnottar ikawa ya mwisho kupeperusha bendera ya mfalme. Majira ya baridi yakapita, chakula kikapungua, na kila mtu mle ndani akajua kwamba mizinga mikubwa ya Waingereza ikifika kwa meli, mambo yamekwisha. Hapo ndipo ule ubora wote wa mwamba ukageuka tatizo. Mahali ambapo adui hawezi kuingia ni mahali ambapo wewe nawe huwezi kutoka.

Kilomita kama kumi kusini, katika kijiji cha Kinneff, alikuwepo mchungaji James Grainger na mkewe Christian Fletcher. Mke wa Ogilvy, Elizabeth Douglas, alifahamiana na huyu mama. Mpango waliupanga wanawake. Inasimuliwa kwamba Ogilvy alifichwa undani wake makusudi, ili akija kubanwa aweze kuapa kwa haki kwamba hajui vitu viko wapi.

Namna vilivyotoka kuna masimulizi mawili. La kwanza: Christian Fletcher aliomba ruhusa kwa Waingereza kumtembelea mke wa Ogilvy, akapewa, akaingia na mtumishi wake, akatoka taji likiwa limefichwa ndani ya nguo zake, na upanga na fimbo vimefungwa katika mzigo wa kitani anaoubeba mtumishi. Wanasema ofisa wa Kiingereza alimsaidia kwa adabu kupanda farasi. La pili: vitu viliteremshwa kwa kamba upande wa bahari, chini akiwepo mtumishi wa kike mwenye tenga, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akionekana ufukweni akiokota mwani mpaka walinzi wakamzoea wakaacha kumwangalia. Akaviweka ndani ya tenga, akavifunika mwani, akaenda zake.

Wanaopenda kisa cha kwanza hupenda ule ujasiri wa kupita katikati ya adui. Mimi moyo wangu uko kwa yule wa mwani. Jina lake halikuandikwa popote. Alifanya kazi ambayo kila mwanamke maskini wa pwani ile aliifanya, na kwa sababu aliifanya kila siku hakuna aliyemwona. Ukisimama ukingoni ukatazama chini, mita 50 za genge tupu, halafu ukafikiria taji la nchi nzima likining'inia kwenye kamba usiku, pumzi inakuishia. Upanga ulivunjika katika safari ile, na alama ya pale ulipoungwa iko mpaka leo.

Karatasi za mfalme zilitolewa na mwanamke mwingine, Anne Lindsay, akazishonea kwenye nguo kiunoni mwake na kutembea nje kwa miguu yake.

Mchungaji Grainger alivizika vile vitu chini ya sakafu ya kanisa lake usiku. Tarehe 31 Machi 1652 alimwandikia mama yake Earl kumweleza mahali hasa: taji na fimbo mbele ya mimbari, upanga upande wa magharibi katikati ya viti. Tafakari barua ile. Kuiandika tu kulitosha kumnyonga, lakini aliona kwamba yeye na mkewe wakifa siri isife nao. Mwezi Mei mizinga mikubwa ikafika, ikapiga kwa siku kumi, na tarehe 24 Mei 1652 Ogilvy akafungua lango. Waingereza wakaingia wakapekua kila chumba. Wakaambiwa taji limekwenda Ufaransa na mdogo wake Earl, John Keith, naye John kwa upande wake aliusimamia uongo huo ili asakwe yeye. Ogilvy na mkewe wakafungwa. Afya ya Elizabeth iliharibika kifungoni, akafariki bila kusema neno.

Kwa miaka minane waumini wa Kinneff walisali Jumapili juu ya taji la nchi yao pasipo kujua. Inasemekana mchungaji na mkewe walikuwa wakivifukua usiku mara kwa mara, kuvipasha joto la moto visiliwe na unyevu, kisha wanavirudisha. Charles wa Pili aliporudi kutawala mwaka 1660, taji likatolewa zima.

Kisha ikaja sehemu inayoniudhi. John Keith, aliyebeba uongo tu, akapewa vyeo na baadaye akawa Earl wa Kintore. Ogilvy akapata cheo kidogo. Wakubwa wakagombania sifa, na ugomvi huo ulikuwa haujaisha karne ya 18 ilipoanza. Bunge la Uskoti la mwaka 1661 lilimtaja Christian Fletcher kwa jina na kumtunukia merki 2,000, fedha ya Uskoti ya wakati ule. Kutajwa kule ni kitu, wanawake wangapi wa kijijini walitajwa na bunge karne ile? Lakini merki 2,000 kwa taji la nchi, ukilinganisha na cheo cha kurithi kwa mtu aliyekwenda Paris, mizani haikai sawa hata kidogo.

Taji hilo, fimbo na upanga viko Edinburgh leo, watu wanapanga foleni kuviona. Septemba 2022 taji liliwekwa juu ya jeneza la Malkia Elizabeth katika kanisa la St Giles. Nililitazama kwenye televisheni, na nilichokiona ni tenga la mwani.

Kuna chumba kingine Dunnottar, na sipendi mtu aondoke bila kukiingia. Miaka thelathini na tatu baada ya ngome kusalimu amri kwa kumtetea mfalme, mfalme mwingine wa ukoo uleule aliigeuza gereza. Hao walioletwa walikuwa watu wa Agano, Wapresbiteri waliokataa kumtambua mfalme kuwa mkuu wa kanisa lao. Mei 1685 serikali ikihofia uasi iliwaswaga kwa miguu mpaka Dunnottar: wanaume 122 na wanawake 45, wakulima, wafumaji, watumishi. Wakafungiwa kwenye ghala chini ya jumba lile la kifahari.

Chumba kina urefu wa mita 16 na upana wa mita nne na nusu. Nimekipiga hesabu: watu 167, kila mmoja anapata chini ya nusu ya mita ya mraba. Hakukuwa na nafasi ya wote kukaa kwa pamoja. Chini matope yalifika vifundoni, dirisha moja la maana linatazama bahari, na walinzi waliwauzia maji. Baadaye mke wa mkuu wa ngome aliingia akaona, akamshawishi mumewe, wanawake wakahamishiwa vyumba vingine na wanaume wachache wakapunguzwa. Usiku mmoja watu 25 walitoka kupitia dirishani na kujipenyeza ukingoni mwa genge. Wawili walianguka wakafa. Kumi na watano walikamatwa tena, na miongoni mwao kuna waliochomwa vidole kwa nyuzi za kuwashia bunduki, zilizowekwa zikiwaka katikati ya vidole.

Waliokula kiapo cha mfalme, 37, wakaachiwa. Waliobaki na msimamo wao walisafirishwa mwishoni mwa kiangazi kwenda New Jersey kuuzwa kama vibarua, katika meli ambayo homa iliua karibu abiria 70 njiani. Waliofika, mahakama ya kule ikasema hawakupanda meli kwa hiari yao na hakuna mkataba unaowafunga, wakawa huru.

Wifi yangu aliponitembelea nilimwingiza mle. Dirisha lile lina mwanga mzuri mchana, bahari inang'aa nje, na pengine hilo ndilo linalofanya pawe pagumu. Alisimama kidogo, akagusa ukuta uliolowa, akaniuliza, "Wifi, juu yao kulikuwa na nini?" Nikamwambia juu yao ni vyumba vya wenye nyumba, ukumbi wa kulia na mahali pa kulala mgeni wa kifalme. Hakuuliza tena, akatangulia kutoka.

Mwisho wa ngome haukuja kwa vita. Earl wa kumi alijiunga na uasi wa Wajacobite, waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, mwaka 1715, ukashindwa, mali zake zikataifishwa, naye akaishia uhamishoni akiwatumikia wafalme wa nje. Kampuni iliyonunua mali hizo iling'oa kila kilichoweza kuuzika: mbao za sakafu, dari, madini ya risasi yaliyoezekwa paani. Hivyo ukiona magofu yale usidhani mizinga ya Cromwell ndiyo iliyoyafanya hivyo. Hesabu za wenye hisa zilitosha. Ukarabati wa maana ulianza mwaka 1925 chini ya familia ya Cowdray, na mpaka leo ni mali ya watu binafsi inayofunguliwa kwa wageni.

Watu huniuliza kwa nini napenda mahali palipobomoka hivyo, wakati Uskoti ina makasri yenye mazulia na picha za wazee ukutani. Yale mazulia yanakueleza habari za mwenye nyumba tu. Dunnottar haina tena cha mwenye nyumba. Paa limekwenda, vyombo vimekwenda, na kilichobaki ni tanuri, birika, dirisha la gereza, genge. Vitu vya watu waliofanya kazi na watu walioteseka vimeishi kuliko dari ya Earl, na ndege wa baharini wamejaa kwenye nyufa kila masika wakipiga kelele siku nzima kana kwamba jabali ni lao tangu mwanzo, na kweli ni lao.

Ukipata nafasi ya kwenda, teremka treni Stonehaven, pitia bandarini, ufuate njia ya miguu ya juu ya magenge. Ni mwendo mzuri wa kilomita kama tatu. Utapita kwenye mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia uliojengwa makusudi ufanane na gofu, kwa ajili ya vijana ambao maisha yao hayakumalizika kujengwa. Vaa viatu vyenye meno, na angalia hali ya hewa kabla, kwa sababu upepo ukiwa mkali ngome hufungwa. Ukungu wa baharini usikukatishe tamaa. Siku za ukungu huoni mbali, lakini unasikia vizuri.

Na usiishie pale kama wanavyoishia wengi. Kanisa la zamani la Kinneff bado lipo, lilijengwa upya mwaka 1738, na ndani kuna kumbukumbu za ukutani za mchungaji Grainger na Ogilvy. Ni jengo dogo, la kawaida, unaweza kulipita bila kugeuka. Mgeni wangu akitaka kuanzia huko namkatalia. Namwambia tuanze Dunnottar, tushuke ngazi zote, tuzipande zote, halafu ndipo twende Kinneff miguu ikiwa bado inauma, ajue mama yule alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi.